Upande wa Nyuma wa Fomu

Bahasha ilifika Jumanne asubuhi, na kabla kahawa ya saa nne haijapoa hospitali nzima ya Tverrfjord ilikuwa imejua kilichomo, ingawa aliyeifungua alikuwa mkurugenzi peke yake na mlango ameufunga.

Ilitoka kwenye Daftari la Taifa la Nyonga. Kila nyonga bandia iliyowekwa nchini Norwei, toka kisiwa cha mwisho cha kaskazini hadi mji mkuu, iliandikwa humo kwa namba ya uraia ya mwenyewe. Siku ikilegea, popote atakapokwenda kufanyiwa upasuaji wa marudio, namba ile ile inamtaja: aliwekewa wapi, lini, na nyonga yake imedumu muda gani. Daftari halisahau wala halioni haya. Na kila mwaka huipelekea kila hospitali mchoro wake, ijitazame kama mtu anavyojitazama kwenye kioo.

Mchoro wa Tverrfjord ulikuwa na mistari mitatu, kila mmoja ukionyesha nyonga ngapi bado zimeshika kadiri miaka inavyopita. Mstari wa nchi nzima uliteremka taratibu, kama mzee anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Mstari wa Tverrfjord wa miaka ya mwanzo ulikaa juu zaidi hata ya ule wa nchi. Mstari wa tatu, wa Tverrfjord ya miaka hii mitatu ya karibuni, ulikwenda kidogo ukaporomoka kama jiwe lililosukumwa mlimani. Kati ya watu mia waliowekewa nyonga, nchi nzima ilirudisha watatu mezani ndani ya miaka mitatu. Tverrfjord ilirudisha kumi na mmoja.

Mkurugenzi hakupiga kelele. Aliwaita, akawaonyesha karatasi, akasema kwamba kuanzia Novemba nyonga zote zitafanyiwa mjini, labda hospitali ijieleze kwanza mbele ya mkutano mkuu wa madaktari wa mifupa, Oslo, mwezi Oktoba. Mjini maana yake ni vivuko vitatu vya feri na njia ya mlimani ambayo theluji huifunga ikijisikia. Nusu ya wazee wa bonde lile wangechagua kuchechemea mpaka kaburini kuliko kuifunga safari hiyo.

Torgunn alikuwepo, amekunja mikono. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwenye miaka hamsini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, akimtazama Daktari Eilif, mkuu wa idara na mpasuaji wake pekee, akifanya kazi. Hakuna aliyelitaja jina la Eilif pale ofisini. Lakini wote walimwangalia, kisha wakaiangalia mikono yake, kisha wakajifanya wanaangalia dirishani. Eilif alikuwa ametimiza miaka sitini na mmoja.

Mchana Torgunn alimkuta kwenye chumba cha kulia, mkate wake bado umefungwa kwenye karatasi.

"Ni mikono yangu," Eilif akasema. "Mchoro haudanganyi."

"Mikono yako naijua kuliko mkeo anavyoijua."

"Hilo usimwambie."

"Nimeshamwambia mara mbili. Kula mkate, Daktari. Hiyo mikono ina kazi."

Hakula. Alisema ataandika barua ya kustaafu mapema, ili hospitali iseme aliyeharibu ameondoka, pengine wataachiwa nyonga zao. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayepanga kupaka ukuta rangi, na utulivu ule ndio uliompandisha Torgunn hasira. Alitoka pale kichwa kinamchemka. Mikono ya mtu haizeeki kama maziwa yanavyoganda, akajiambia. Jana safi, leo chachu. Mikono huzeeka kidogo kidogo, na yeye angeiona. Angeiona kabla ya Eilif mwenyewe. Basi kama si mikono, kulikuwa na kitu kingine kilichobadilika, na kama kimebadilika, yeye alikuwepo kilipobadilika.

Chumba kilikuwa kile kile. Taa ile ile. Vyuma vile vile, vya kampuni ile ile, vipimo vile vile. Alivihesabu vyote njiani akielekea stoo kuandaa vitu vya upasuaji wa Alhamisi. Akanyosha mkono rafu ya juu, akateremsha boksi la saruji.

Mkono ukasimama hewani.

Nyonga bandia haisimami yenyewe ndani ya mfupa. Hushikwa na saruji, unga na maji yake, vinavyochanganywa pale pale mezani na kugeuka jiwe ndani ya dakika kumi. Mchanganyaji alikuwa Torgunn. Kwa miaka mingi alichanganya saruji iliyonuka mpaka machozi yakamtoka, iliyompa kichwa kuuma hadi jioni, na wenzake vivyo hivyo. Kisha majira ya kuchipua ya mwaka 1991 akaja muuzaji na boksi jeupe lenye ukanda wa kijani: Kaldosem. Haina harufu, akasema. Haichomi mfupa, akasema. Wauguzi wakaijaribu, wakatazamana kama watu waliofunguliwa dirisha. Siku ile ile Torgunn alimwambia Eilif kwamba asipoiagiza, achanganye mwenyewe. Eilif akacheka, akatia sahihi.

Ndiyo iliyokuwa mkononi mwake sasa. Na mstari wa tatu ulianza 1991.

Akaketi juu ya boksi jingine. Kwanza akafurahi, furaha ya kweli, ya mtu aliyeona mlango kwenye ukuta. Kisha akakumbuka nani aliyelia apewe saruji hii. Furaha haikuondoka, ilikaa pale pale, na jambo lile la pili likakaa kando yake, vikabanana kama abiria wawili kwenye kiti kimoja.

Lakini dhana si ushahidi. Angesimama nani na kusema ni saruji? Wangemjibu kwamba Eilif naye alizidi kuzeeka tangu 1991. Hapo ndipo alipokumbuka jambo jingine, akanyanyuka mzimamzima. Maboksi ya saruji ya zamani hayakutupwa. Tverrfjord hawakutupa kitu kilichonunuliwa. Mwaka mzima walitumia zote mbili, leo hii, kesho ile, lolote lililokuwa karibu na mkono, mpaka za zamani zikaisha. Mwaka mmoja, chumba kimoja, mikono ile ile, saruji mbili. Kama mikono ndiyo mibovu, zote mbili zingelegea sawasawa.

Ila nani alipewa ipi? Kitabu cha chumba cha upasuaji hakikusema. Fomu ya daftari nayo iliuliza tu kama saruji ina dawa ya kuzuia usaha au haina, na mbele yake kulikuwa na nafasi ya kubandika lebo za vyuma basi. Lebo ya saruji haikuwa na mahali. Wauguzi wa nchi nzima waliitupa kwenye ndoo.

Torgunn hakuitupa. Lebo ina gundi yake, ina namba yake, imekuja na kitu kilichoingia mwilini mwa mtu; kuitupa aliona ni utovu wa adabu. Basi kila mara aliigeuza fomu, akaibandika nyuma. Miaka saba. Hakuna aliyewahi kumwambia aache, na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante.

Alipiga simu daftarini. Aliyepokea alikuwa Ranveig, karani wa huko. Hawakuwahi kuonana, lakini walijuana kwa sauti kwa miaka yote ile, tangu siku Ranveig alipompigia kuuliza kama nyonga ya mama fulani ilikuwa ya kulia au ya kushoto.

"Ranveig, nataka uzitoe fomu zetu uzigeuze."

"Nizigeuze vipi?"

"Kama mkate kikaangoni. Nyuma juu."

"Dada, nyuma ya fomu hakuna kitu. Sisi tunaingiza kwenye kompyuta yaliyo mbele tu. Nyuma ni karatasi tupu."

"Nyuma ya fomu za wengine."

Kicheko kikaja kwenye waya, kicheko cha mtu aliyeshikwa ugoni. "Kumbe ni wewe. Unajua hapa tunawaitaje? Wabandika takataka. Kila mara nikipanga fomu zenu zinanata."

"Basi hiyo takataka ndiyo naitaka," Torgunn akasema, na akamweleza.

Ranveig akaacha kucheka. Lakini alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa moja: hakuna fomu inayotoka kabatini bila barua ya mkuu wa idara, yenye sahihi, kwa faksi. Torgunn hakubishana. Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, kwa viatu vya mbao, alikimbia korido nzima ya hospitali ya Tverrfjord, jambo ambalo halikuwahi kuonekana hata jikoni kulipowaka moto.

Eilif alikuwa ofisini kwake, anapanga vitabu ndani ya boksi.

"Weka sahihi hapa. Usisome, utasoma baadaye."

Akachukua kalamu. "Ndivyo ulivyoniambia siku ya ile saruji yako," akasema, akasaini.

Hakuwa na nia mbaya, hakujua hata amesema nini. Torgunn alisimama na karatasi mkononi. Kisha akaigeukia faksi.

Upasuaji wa Alhamisi aliuomba uahirishwe, na Eilif, aliyekuwa haamini tena kisu chake, aliukubali bila kuuliza. Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita, ndefu kama mahubiri. Ijumaa saa sita mchana simu ya chumba cha wauguzi ililia, na kabla haijamaliza mlio wa kwanza Torgunn alikuwa nayo sikioni.

Ranveig alikuwa anahema. Nyuma yake ilisikika sauti ya mwanaume ikimwambia aseme polepole. Huyo alikuwa Profesa Oddvar, mkuu wa daftari, ambaye kwa kawaida hakutoka ofisini kwake hata kwa keki.

"Tumezigeuza zote," Ranveig akasema. "Mimi na Profesa, tumekaa chini sakafuni. Uko tayari kuandika?"

Torgunn hakuwa na karatasi isipokuwa ile ya kufungia mkate wake. Akaikunjua, akaifuta makombo.

"Ule mwaka mliochanganya. Nyonga hamsini na nane. Za saruji ya zamani thelathini na moja. Iliyolegea, moja."

"Moja."

"Za ukanda wa kijani ishirini na saba." Ranveig akavuta pumzi. "Zilizolegea, nane."

Torgunn aliandika nane. Aliiandika kubwa, kalamu ikatoboa karatasi. Akamwomba arudie, akarudiwa. Wauguzi wawili waliokuwa wanakula waliacha kutafuna. Moja kwa thelathini na moja, nane kwa ishirini na saba, mikono ile ile, mwaka ule ule. Hakuhitaji kompyuta kumsomea hilo.

"Na jambo jingine," Ranveig akasema, sauti ameishusha. "Kuna hospitali nyingine mbili, mistari yao imevunjika kama wenu."

"Zipi?"

"Hata unikaange sisemi. Unajua siwezi. Lakini zipo, dada. Na fomu zao nyuma ni nyeupe kama theluji, kwa hiyo hatujui wanatumia nini."

Aliweka simu chini. Alikwenda kwa Eilif, akamwekea ile karatasi ya mkate juu ya meza. Eilif aliisoma. Aliisoma tena. Kisha akafanya kitu ambacho Torgunn hakuwahi kukiona kwa miaka kumi na tisa: aliinua mikono yake miwili, akaitazama mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa mali yake na polisi. Macho yakamlowa. Akaanza kuvitoa vitabu ndani ya boksi, kimoja kimoja, akivirudisha rafuni, na kila kimoja akikipiga kofi dogo mgongoni.

Kikiwa kimebaki kimoja akasimama. "Watauliza nani aliichagua," akasema. "Sahihi ni yangu. Nitasema ni mimi."

Torgunn alisema hilo wataliongea baadaye.

Waliongea kwenye treni ya Oslo, wiki tatu baadaye, milima ikipita dirishani. Hospitali ilikuwa imepewa dakika kumi mkutanoni. Eilif alizikunja karatasi za hotuba yake, akampa Torgunn. Akamwambia kwamba akisimama yeye atakuwa mzee anayejitetea, na kila neno lake litapunguzwa nusu. Akisimama Torgunn atakuwa shahidi. Torgunn akamkumbusha kwamba ule ni mkutano wa madaktari wa upasuaji, na kwamba muuguzi wa mwisho kuzungumza pale ni yule aliyeuliza kama kuna anayetaka maziwa kwenye kahawa. Eilif akasema basi ni wakati wasikie la pili.

Ukumbi ulikuwa na watu mia nne. Torgunn alivaa koti lake la kijivu la kanisani. Slaidi ya kwanza ilikuwa ile mistari mitatu, na mnong'ono ukapita kwenye viti kama upepo kwenye nyasi, maana kila mmoja pale alishukuru kimoyomoyo kwamba mstari ule si wake. Akasema bila kuzunguka. Sisi ni Tverrfjord. Huu ni mstari wetu. Hatujaja kuukana, tumekuja kuwaeleza umevunjikia wapi. Akawaonyesha fomu, kisha akawaonyesha nyuma ya fomu, na lebo mbili, ya zamani na ya ukanda wa kijani. Akawapa namba. Moja kwa thelathini na moja. Nane kwa ishirini na saba. Sauti yake ilianza ndogo, lakini alipofika kwenye nane haikuhitaji tena kipaza sauti.

Mkono ukainuka safu ya pili. Alikuwa Daktari Didrik, mkuu wa idara katika hospitali moja kubwa, mtu mrefu mwenye suti iliyomkaa vizuri kuliko ngozi.

"Namba ndogo, kutoka hospitali ndogo," akasema, akitabasamu kwa ukumbi. "Seremala wa kijijini akikata ubao vibaya huilaumu misumari. Na tuambie basi, mama, hiyo misumari aliwachagulia nani? Ilianguka toka mbinguni?"

Watu wakacheka kidogo. Eilif, kwenye kiti chake cha mbele, alikwisha kuanza kunyanyuka. Torgunn alimwona. Alijua kwamba akinyamaza sekunde tatu tu, Eilif atalibeba, na jina lililookolewa na zile lebo litazama pale pale ukumbini.

"Niliichagua mimi," akasema.

Eilif akaketi.

"Daktari alitia sahihi kwa sababu nilimlazimisha. Ile ya zamani ilinuka, iliniumiza kichwa, hii haikuniumiza. Nikadhani kilicho chema kwa pua yangu ni chema kwa mfupa wa mtu. Sikumuuliza yeyote, na hapakuwa na wa kumuuliza, kwa sababu fomu yetu haina hata kisanduku cha jina la saruji. Namba zangu ni ndogo, ndiyo. Ni ndogo kwa sababu nyinyi wengine lebo zenu mlizitupa. Sasa namba kubwa mnazo nyinyi, kwenye stoo zenu. Mimi nimesema yangu. Semeni yenu."

Hakuna aliyecheka. Profesa Oddvar alipanda jukwaani, akasimama kando yake, akauliza kwa upole: ni hospitali ngapi humu zinatumia Kaldosem? Wanyooshe mikono.

Watu wa nchi ile hawapendi kuwa wa kwanza katika jambo lolote isipokuwa kuteleza kwenye theluji. Mikono ilibaki mapajani. Mtu alikohoa. Torgunn akawaza kwamba basi imekwisha, kwamba wamekuja hadi huku kuonyesha lebo mbili kwa watu mia nne wenye aibu, na Novemba iko mlangoni.

Nyuma kabisa kiti kikalia. Mzee mmoja mnene alisimama, daktari wa hospitali ya kaskazini, sweta limemtoka kiunoni. "Sisi tunayo," akasema. "Miaka miwili. Na mwaka huu nimerudia nyonga kumi na nne, nikamficha mke wangu. Nilidhani ni macho yangu." Akaketi kwa kishindo.

Kisha mkono mmoja kushoto. Mwingine kulia. Miwili pamoja. Ikaanza kuinuka moja baada ya nyingine, kila mmoja ukimpa jirani ruhusa, na Ranveig, aliyekuwa amekaa mlangoni na daftari dogo gotini, akasimama juu ya kiti chake ili ahesabu, mwanamke mfupi mwenye miwani, akielekeza kalamu hewani kama anayeongoza kwaya. Kumi na tatu. Kumi na nne. Torgunn alimjua kwa sauti yake, akitamani kumbusu mbele ya wote. Mwisho kabisa mkono wa Daktari Didrik ulipanda, nusu tu, hadi usawa wa bega, kama wa mtu anayemwita mhudumu wa hoteli na hataki meza nyingine ione.

"Kumi na tano," Ranveig akasema. "Kama huo ni mkono."

Hapo ukumbi ulicheka kweli, na Didrik mwenyewe, kwa heshima yake, akaunyosha wote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wakati wa kahawa kulikuwa na foleni kwenye simu za koridoni, madaktari wakuu wakipiga nyumbani kuwaambia wauguzi wao wafunge kabati na wasiguse boksi lenye ukanda wa kijani. Profesa Oddvar alichora kisanduku kipya cha fomu juu ya kitambaa cha karatasi, jina la saruji na nafasi ya lebo, akamwuliza Torgunn kama kinatosha. Torgunn akasema kiwe kipana zaidi, lebo nyingine ni ndefu. Akakipanua. Jioni ile mkurugenzi wa Tverrfjord, aliyekwisha kupigiwa simu na watu watatu wakubwa kuliko yeye, alimwambia Eilif kwa simu kwamba nyonga zinabaki bondeni. Aliongeza sharti moja. Wote waliowekewa Kaldosem na bado wako hai waitwe, wapigwe picha za eksirei, watazamwe kabla hawajaanza kuumia. Watu mia moja sabini na mmoja. Barua itawatisha, akasema. Apatikane mtu wa kuwapigia.

Torgunn hakungoja atajwe.

Jumatatu alikaa na simu, kikombe, na orodha. Wa kwanza alikuwa Anfinn, mfugaji wa kondoo wa upande wa juu wa bonde, mwenye miaka themanini na minne na adabu chache. Simu ililia muda mrefu.

"Nani?"

Akajitaja. Akamweleza, bila kupamba, kwamba nyonga yake ilishikwa na saruji isiyofaa, kwamba huenda iko salama na huenda inalegea, kwamba ni lazima aje kupigwa picha. Na kwamba aliyeichagua saruji hiyo ni yeye anayezungumza.

Upande wa pili mbwa alibweka.

"Ngoja nielewe, mama," Anfinn akasema. "Nyonga hainiumi. Mimi sijalalamika. Na wewe umepiga simu kuniambia umekosea?"

"Ndiyo."

"Miaka themanini na minne naishi nchi hii. Waziri hajanipigia. Benki haijanipigia. Mchungaji ndio kabisa." Akamkaripia mbwa. "Ikiwa imelegea, nani anairekebisha? Nisije nikapelekwa huko kwa watu wa feri tatu."

"Hapa hapa. Daktari Eilif."

"Nilisikia kachoka."

"Ulisikia uongo."

Anfinn alifikiri. Alisema Jumanne hawezi, anachinja. Jumatano atakuja. Kisha akauliza kama Magnhild, jirani yake wa ng'ambo ya mto, yumo kwenye orodha, maana walilazwa wiki moja na alikoroma kama trekta. Torgunn akatazama. Yumo, wa arobaini na sita.

"Huyo usijisumbue, hasikii simu. Hasikii hata kengele ya kanisa. Nitamwendea mwenyewe leo, nimpigie kelele dirishani, na Jumatano nije naye. Andika watu wawili."

Torgunn akaandika wawili, akashukuru, akaweka mkono wa simu chini. Kisha akaunyanyua tena, akazungusha namba ya mtu wa pili.